Kilikuwa, Alikuwa

Wale ndugu wawili wakikutana sebuleni, hata Mungu hapumziki. Mkubwa, fundi umeme, alikuwa mtu wa ibada. Mdogo alifundisha fizikia, na kwa ubishi hana mpinzani. Kila Jumapili walibishania ulimwengu ulianzaje, chai ikipoa. Mke wa mkubwa, fundi cherehani, ndiye aliyekuwa mwamuzi, akiwacheka mpaka mbavu zinamuuma.

Siku hizi alishona tu. Mimba yake ilitoka ikiwa ya miezi saba, mwenyewe amelazwa kwa dawa ya usingizi. Alipozinduka akaambiwa kiumbe hakikuwa na uhai, kimeshazikwa. Ki, ki, ki, utadhani kiti! Tangu hapo hakulia. Alikuwa na ganzi mwili mzima. Mumewe naye alisema vilevile, kila mara, na mke alikuwa ameshaamua: akisikia "kilikuwa" mara moja zaidi, anarudi kwao. Begi lilikuwa tayari chumbani.

"Kabla ya ulimwengu, Mungu alikaa wapi?" shemeji alianza uchokozi wake.

"Hakuhitaji pa kukaa. Mahali penyewe pameumbwa."

"Na yeye aliumbwa na nani?"

"Wee, koma! Mungu si kiumbe. Kiumbe ndicho chenye mwanzo."

Cherehani ikanyamaza.

"Na wangu?" mke akauliza. "Alikuwa na mwanzo, au hakuwahi kuanza?"

Shemeji akainamia kikombe chake.

"Mke wangu, yale yamepita," mume akasema. "Kile kilikuwa..."

"Kuku akifa unasema amekufa. Wangu ndiye kilikuwa?"

Hakupaza sauti. Aliuliza kama anavyomuuliza mteja anataka mikono mirefu au mifupi. Kisha akasimama, akaelekea chumbani kuchukua begi.

"Alikuwa msichana," mume akasema nyuma yake.

Mke akasimama mlangoni.

"Nilimzika kwa mikono yangu. Alikuwa na vidole vyako. Nikisema 'alikuwa', mama, basi nimemzika mtu. Sikuweza."

Alikuwa akilia kwa sauti, mwanaume mzima, mbele ya mdogo wake. Mke bado hakuhisi kitu. Alirudi, akakaa karibu naye, akamfuta uso kwa kipande cha kitambaa alichokuwa akishona.

"Endelea," akasema. "Nywele je, alikuwa nazo?"