Mama Sidonie Analalia Mpaka

Kila asubuhi, kabla ya kuwafungulia kuku, Mama Sidonie alikaanga kahawa kwenye kikaango kisicho na mpini, akaitwanga katika kinu cha kutwangia sombe, majani ya muhogo, akaichemsha, akainywa bila sukari huku macho yake yakiwa juu kilimani. Majirani zake wa Kirolirwe walimcheka kidogo. Kahawa hutoka kule chini, Kirotshe, karibu na ziwa, na wanaoilima huiuza. Wao wenyewe hunywa chai. Kunywa kahawa, walisema, ni sawa na kupika mbegu. Lakini hawakumlaumu, maana sababu waliijua.

Sababu ilikuwa uzio wa konsesio ya ng'ombe, lile shamba kubwa la malisho kule juu. Ulikuwa uzio wa miyenzi, ile miti yenye utomvu mweupe unaowasha macho, na ulikuwa ukishuka. Mtu akiutazama, ulisimama kwa adabu. Akisinzia, ulinyanyua mizizi yake, ukapiga hatua moja au mbili ndani ya maharagwe, ukasimama tena. Kisha Sylvain, jeranti aliyeisimamia konsesio, alipita na fimbo yake na kuthibitisha kwamba mpaka ni pale uzio ulipo. Alikuwa mtu mpole. Tangu uzio ulipokuwa bado juu kwenye mikaratusi alisema neno lile lile: udongo wenye kulala hauna mwenyewe. Patroni wake, mwenye konsesio, aliishi Goma, na hapo kijijini hakuna aliyewahi kumwona.

Sidonie alipofiwa na mumewe, alibaki mlinzi pekee wa shamba linalomlisha. Basi akawa anakunywa kahawa ili asilale. Mwanzoni ilimfaa sana. Baadaye kikombe kikaita kikombe. Mikono ilianza kutetemeka hata akashindwa kutunga uzi kwenye sindano, na moyo ulimwenda mbio akiwa ameketi tu. Kikombe kikichelewa, kichwa kilimgonga nyuma ya macho. Akawa mkali kama pilipili. Aligombana na jirani yake Kayitesi kwa ajili ya bata, na bata mwenyewe hakuwa wa Kayitesi wala wake.

Mchana mmoja, akiwa na kikombe mkononi na macho yamefumbuka kabisa, uzio ulipiga hatua mbele yake. Aliiona miti ikivuta mizizi mmoja baada ya mwingine na kukung'uta udongo. Hilo ndilo lililompeleka kwa Gaëlle, muuguzi.

Gaëlle alimpima, akamsikiliza moyo. Kuhusu uzio hakuuliza kitu, kwa kuwa shamba la mama yake lilikwenda vivyo hivyo.

« Mama, kahawa haikuamushe tena, » alimwambia. « Unakunywaka tu juu kichwa isikuume. Macho iko wazi, lakini weye mwenyewe unalala. »

« Nikiacha, nitalala kabisa. Na uzio itapita. »

« Utalala, ndiyo. Mwili njo inaomba. Lakini pahali pa kulala, weye njo utachagua. »

Alimshauri apunguze polepole. Sidonie alijibu kwamba mwizi hafukuzwi nusu nusu. Siku hiyo hiyo aliitupa kahawa yote chooni, akachukua mkeka na blanketi, akapanda shambani, akatandika juu ya mpaka, mbele kabisa ya miyenzi, akalala ubavu.

Hapa lazima asifiwe, maana kuacha si mchezo. Kichwa kilimuuma hata jua likawa adui. Alitapika. Alipiga miayo mpaka taya zikachoka, akalia bila kujua analilia nini, akatetemeka chini ya blanketi mchana kweupe. Kayitesi, ambaye bado alikuwa na kinyongo cha bata, alimletea uji. Sidonie akamwomba kikombe kimoja tu cha kahawa. Kayitesi akakataa. Sidonie akamtukana yeye na ukoo wake, kisha akanywa uji, akashukuru, akalala tena. Tunawajua wanaume wanaoacha kasiksi kila Jumapili mbele ya kanisa zima, na Jumatatu hawakosekani kwenye pombe. Mama huyu hakuahidi chochote mbele ya mtu. Aliacha tu, na kilima kizima kiliona.

Uzio ulishuka mara tu aliposinzia, kama kawaida yake. Ulipofika kwenye mkeka ulisita. Mizizi ilimpapasa mbavu, ikatafuta pa kutua, ikakosa. Uzio ulikuwa umezoea udongo uliolala peke yake; huu ulikuwa umelala na mwenyewe. Ukasimama hapo. Ila pembeni, pasipo na mkeka, uliendelea kushuka.

Kayitesi aliliona hilo. Shamba lake lilipakana na la Sidonie, basi naye akaleta mkeka wake, akajilaza miguu yake ikigusa kichwa cha mwenzake. Wengine wakafuata. Asubuhi ile Sidonie alipoamka kichwa kikiwa chepesi na mikono imetulia, mikeka ilikuwa imepangwa ukingo mzima wa kilima, na watu walikoroma kwa amani.

Sylvain alikuja na fimbo yake. Alipowaona alivua kofia, akanyata kati ya mikeka ili asimwamshe mtu. Alimwinamia Sidonie.

« Mama, pale uzio ilikwisha kupita, haitarudi. Patroni iko na makaratasi. »

« Najua, Papa. Tembea polepole, watu wanalala. »

Alitembea polepole.

Hadi leo wanakijiji hulala pale kwa zamu, na hakuna mgeni anayeambiwa sababu, kwa kuwa hakuna mgeni anayeuliza. Uzio haujashuka tena. Wala haujarudi juu hata unyayo mmoja. Upande wa pili wa uzio, maharagwe ambayo Mama Sidonie alipanda na mumewe huchipuka yenyewe mvua ikinyesha, na ng'ombe wa konsesio huyapenda sana. Yeye huwasikia wakiyatafuna, karibu kabisa na sikio lake. Hugeukia upande mwingine, akavuta blanketi, akalala.