Bomba Alilolisokota Fridolin

Fridolin alifariki Jumatano, kwenye barabara ya Sanje, pikipiki yake ilipoteleza kwenye tope. Asubuhi hiyo, kabla ya kuondoka, alikuwa amelisokota bomba la chuma lililofungwa juu ya meza yetu hapa Mlabani, akakaza bolti, akaandika kwenye daftari: 212.

"Usiliguse, Levina," alisema. "Hata ukinikasirikia, pigapiga mlango tu."

Mume wangu alikuwa fundi wa vipimo vya madaraja. Juu ya bomba lile alikuwa amegundisha faiba, uzi wa kioo mwembamba kama unywele. Mwanga uligawanywa: nusu ilipita kwenye uzi uliosokotwa pamoja na bomba, nusu kwenye uzi uliotulia, kisha zikakutana tena. Moja ikichelewa hata kidogo sana, kisanduku cha kusomea kilichokaa kando ya bomba kilijua, na namba yake ilibadilika. Kipimo hicho kilikuwa kiende kufungwa kwenye daraja moja karibu na Kiberege, kionye kama malori ya mpunga yanaisokota boriti. Lakini kwanza bomba lilitakiwa kukaa siku arobaini bila kuguswa, ionekane kama namba inatulia au inatangatanga yenyewe.

Msiba ulipoingia, wanaume walifanya kama inavyofanywa. Walitoa vyombo vyote nje ili waombolezaji wapate pa kukaa. Mimi nilikuwa chumbani, kwenye mkeka, sikuona. Siku ya tatu, baada ya maziko, nilitoka nikaikuta meza barazani, sufuria la wali juu yake, na koti la shemeji yangu Melkiori limetundikwa kwenye bomba.

"Shemeji, nani amekuruhusu?"

"Koti nalo linaombewa ruhusa?" alijibu. Kisha akaniangalia usoni, akaliondoa polepole.

Kisanduku kilionyesha 219. Tuliirudisha meza ndani, namba haikurudi.

Kuanzia hapo, kila saa moja asubuhi nilisoma 219 na kuandika 212. Siku nilizokosa nazo nilizijaza hivyo hivyo. Nilijua nikisema ukweli bomba litafunguliwa. Msokoto ule ulikuwa kitu cha mwisho kilichofanywa na mikono yake humu ndani, na bado ulikuwepo, umeshikwa na bolti moja. Saba ni za Melkiori, nilijiambia. Zilizobaki ni zake.

Arobaini ilifika. Misa ilisomwa, nguo zake zikagawiwa ndugu, wifi yangu Katarina akachukua redio. Wote wakaondoka. Kesho yake akaja Emanuel, injinia kijana aliyekuwa akifanya kazi na Fridolin.

"Shikamoo, mama. Pole sana."

"Marahaba, baba. Nimeshapoa."

Alifungua daftari, akapitisha kidole ukurasa mzima. "Haijacheza hata moja! Mzee alikuwa anatuambia itatulia, sisi tunamcheka. Wiki ijayo tunakifunga darajani."

Kisanduku nilikuwa nimekifunika kanga. Nilifikiria watu wa Kiberege wanaovuka na baiskeli zao pembeni ya malori, wakiitegemea namba niliyoiandika mimi. Nikaivuta kanga.

"Soma mwenyewe, mwanangu."

Akasoma. Akaliangalia daftari, akaniangalia mimi.

"Tangu lini?"

"Tangu msibani. Meza ilitolewa nje. Hizo 212 ni zangu, isipokuwa ya kwanza."

Alilifunga daftari. "Basi itabidi tuanze upya, mama. Nifungue?"

"Nipe spana."

Bolti ilikuwa ngumu. Fridolin alikuwa na tabia ya kukaza kupita kiasi, hata mifuniko ya chupa za mafuta nilikuwa naita jirani anifungulie. Ilipoachia, bomba lilijirudi mara moja bila sauti, na namba ikashuka mpaka sifuri.

Emanuel alinionyesha pa kushika, nikasokota.

"Ongeza kidogo, mama. Kidogo tena. Hapo hapo, kaza."

Meza sasa imepigiliwa misumari sakafuni. Nilikaza kwenye 205. Leo ni siku ya kumi na moja, na asubuhi nimesoma 205.