Watu Wasiopenda Kusumbuliwa

Tamsin, binti wa kaka yangu, alikuja kutoka Chicago kunitembelea, na maswali yake yalinichosha kuliko ndama. Eti farasi wangu yuko wapi? Sina farasi. Wa mwisho alinivunja mbavu, tukaachana. Eti bunduki nalala nayo? Iko kabatini nyuma ya ufagio, kwa ajili ya mbweha wanaokula kuku wangu. Eti huku Wyoming intaneti ipo?

"Ipo, mwanangu," nikamwambia. "Ila usiku tunaifunga kamba isitoroke na ng'ombe."

Alicheka sana, kisha akanitazama kwa huruma. "Lakini shangazi, hujisikii mpweke?"

"Watu wa huku hatupendi kusumbuliwa," nikamjibu. Hayo mengine yote anayodhani kuhusu sisi niliyakataa. Hilo nililisema bila kufikiri, kwa sababu wote tunalisema.

Alipoondoka nikaosha kikombe changu kimoja na nyumba ikawa kimya.

Tangu mume wangu Harlan afariki, jirani niliyebaki naye ni Orrin, mgane wa ng'ambo ya korongo. Tukipishana barabarani kila mmoja huinua kidole kimoja juu ya usukani, na salamu imekwisha. Theluji ikianguka, huja na trekta lake kusafisha njia yangu mpaka barabara ya lami. Sijawahi kumwomba. Hugeuza uani, huinua kidole chake, huyo anakwenda zake. Mimi niko nyuma ya pazia, kahawa iko jikoni, pai ya cheri iko mezani. Kila mara najiambia, mwache mwanamume wa watu, hapendi kusumbuliwa. Halafu nakula pai peke yangu mpaka inanikinaisha.

Mwezi wa Machi nilikwenda kununua chakula cha kuku, na Nedra mwenye duka akaniinamia.

"Umesikia? Orrin ameuza ng'ombe wote. Jumamosi binti yake anamchukua akaishi kwake, mji wa Boise, jimbo la jirani."

"Ah, vizuri," nikasema. "Atapata wa kumwangalia."

Nilipofika kwenye pikapu nikashindwa kuiwasha. Niliumia, na nilijua kwa nini. Mimi niliyeilaani theluji maisha yangu yote, nikaanza kuiomba ianguke, hata mara moja tu kabla ya Jumamosi, ili Orrin aje na safari hii nifungue mlango. Kwenda kwake mwenyewe sikuweza. Huku mtu haendi kwa mtu bila sababu.

Badala ya theluji ukaja upepo wa joto, ukamaliza hata ile iliyokuwa imejificha mitaroni. Ijumaa ardhi ilikuwa kavu kabisa. Nilikaa jikoni nikasema basi, imekwisha.

Ndipo nikasikia trekta.

Lilikuwa linakuja kwenye njia yangu, bamba la kukwangulia theluji limeshushwa, linakwangua mawe na kutimua vumbi. Nilitoka bila koti.

"Orrin! Unafanya nini?"

Akazima mashine. "Nasafisha njia."

"Theluji iko wapi?"

Akatazama mbele, akatazama nyuma. "Nilidhani imebaki kidogo."

"Hakuna hata ya kujaza kijiko!"

"Basi nisikusumbue, Verla." Akashika ufunguo.

"Ukiliwasha hilo dude nakupiga mawe, Orrin. Shuka! Kahawa imeiva."

Alishuka. Akafuta viatu mlangoni muda mrefu, akavua kofia, akakosa pa kuiweka, akaishikilia mapajani. Alikula vipande viwili vya pai.

"Miaka yote hii," nikamuuliza, "mbona hukubisha hodi?"

"Nilikuwa naona pazia linatikisika," akasema. "Nikajua uko ndani na hutoki. Nikasema, mama wa watu hapendi kusumbuliwa."

Nilisimama nikamwongezea kahawa, ili asinione uso.

Jumamosi nilimngoja pale njia yangu inapokutana na lami. Binti yake ndiye aliyekuwa akiendesha. Orrin hakuwa na usukani wa kuinulia kidole, akashusha kioo akatoa mkono mzima. Mimi nikampungia yote miwili, mpaka gari likapotea.

Nikarudi nyumbani kwa miguu. Njia ilikuwa safi, haina hata jiwe, na hapakuwa na mtu mwingine wa kuipita.