Mashine Isiyojua Kusalimia

Wajukuu, nitegulieni hiki: daktari amesoma vitabu vyote, lakini bibi mzee wa darasa la sita ndiye anayemwekea pointi. Mumeshindwa? Daktari ni mashine ya ndani ya simu, inayojibu wagonjwa. Bibi mzee ni mimi, Georgette wa kijiji cha Juru. Musimalize kicheko, mbele kuna mingi.

Wenye mashine walituita mjini Mbarara, watu kumi wenye kusoma Kiswahili. Tulipewa maswali ya wagonjwa na majibu ya mashine mbili, tuseme lipi zuri. Itakayoshinda ingewekwa kwenye kituo cha afya ambako Eliane, mke wa mtoto wangu Ushindi, alikuwa anapimisha mimba. Nilivaa kitenge cha kanisa na miwani ya jirani yangu Adélaïde. Sikuona vizuri, ila nilionekana vizuri.

Siku ya tatu muuguzi Saudah, msimamizi wetu, alinikalisha pembeni. Mashine ya kwanza nilikuwa nimeipa kumi kila fasi, ya pili sifuri. Aliuliza sababu. Nikamweleza kwa fahari kwamba ya kwanza inasalimia, inauliza habari za watoto, inasema pole. Ya pili inaanza tu na nenda hospitali leo, kama mtu anayefukuza mbuzi kwenye maharagwe. Asiyejua kusalimia atajua kutibu?

Saudah hakucheka. Alifunika salamu kwa kiganja, akanisomesha kilichobaki. Swali lilikuwa la mama mwenye mimba ya miezi minane, kichwa kinamuuma, uso umevimba. Mashine yangu ilimjibu apumzike, anywe maji.

"Jaja, bibi yangu, kama huyu ni wa kwako nyumbani, wewe utamwambia nini?"

Miwani ilinishuka puani. Eliane alikuwa ameamka hivyohivyo juzi, kabla sijaondoka nyumbani, nami nilimwambia apumzike, anywe maji. Kumbe mashine ile niliipenda kwa sababu ilikuwa na adabu yangu, na ujinga wangu pia.

Nikaomba simu.

"Ushindi, peleka Eliane hospitali sasa hivi."

"Mama, hata salamu ya jambo hakuna?"

"Jambo utaipata kesho. Enda."

Walikuta presha imepanda sana, wakampasua siku ileile. Mama mzima, mtoto mzima.

Mimi nilirudia pointi zote za siku tatu, kiganja juu ya salamu. Ya pili ilishinda, na sasa iko Juru. Tukipeleka mtoto kupimwa, naisalimia kwanza. Haijaitikia hata siku moja.