Jedwali la Shemeji
Shemeji alipoingia na kile kitambaa chake cha kijani begani, mama mtoto alijua mchana umeshaharibika.

"Shem, niazime bwana mdogo kidogo."

"Amelala."

"Afadhali. Akilala hanitikisii kazi."

"Mwache afanye," mama mkwe alidakia kutoka kitandani. "Baba yake yuko mbali, anataka kumwona mwanawe."

Huyu shemeji alikuwa amejifundisha kumrekodi mtu juu ya kitambaa cha kijani, kisha kwenye kompyuta kumkata alipo na kumpachika asipokuwepo. Tangu watoke wodi ya wazazi, kichanga kilikuwa hakijafika hata kibarazani, lakini kwenye simu za ukoo kilishalala mawinguni, kikakalia kiti cha mfalme na kuelea ndani ya ua. Ukoo mzima ulipiga makofi. Shemeji akavimba kichwa, akaanza kujiita Daktari wa Rangi.

Siri ya udaktari wake ilikuwa jedwali. Alilitamka neno hilo kama mtu anayetaja cheo.

"Ni kama lile la kuzidisha, shem. Kila rangi inayoingia imeshaandikiwa rangi ya kutokea. Mashine haifikiri, inasoma jibu tu."

Mama mtoto aliishia darasa la saba, na jedwali la kuzidisha alilijua. Hakuona la kujivunia katika kutofikiri.

Lililomkosesha raha lilikuwa jingine. Mtoto alikuwa ananyonya kidogo, analegea, anarudi usingizini. Ukimtekenya nyayo anakunja uso tu, basi. Alilisema mara ya kwanza, akalisema tena.

"Mtoto mtulivu huyo, shukuru," mama mkwe alimjibu. "Wenzako wanakesha."

"Mbona kwenye video yuko fiti?" shemeji akaongeza. "Rangi ya asali kabisa."

Na baba mtoto kwenye simu, kila jioni: mwanangu anang'aa. Sasa mama peke yake angebishana na mdogo mtu, mkwe na mume? Akaendelea kunyonyesha, roho haijatulia. Chumba chenyewe kilikuwa na mapazia mazito ya rangi ya chungwa, yamefungwa muda wote kwa sababu mama mkwe hakutaka upepo umguse mjukuu. Humo ndani hata kuta zilionekana za manjano.

Siku hiyo, baada ya kurekodi, shemeji alifungua kompyuta palepale mezani. Alitaka kusifiwa.

"Tazama kazi. Kushoto ni kabla ya jedwali, kulia ni baada yake."

Kioo kilikuwa kimegawanywa na mstari katikati ya uso wa mtoto, pale alipoamka kidogo akafumbua macho. Jicho la kulia lilikuwa jeupe kama karatasi. La kushoto lilikuwa la manjano kama kiini cha yai.

"Kamera inanisumbua, inavuta rangi ya pazia," alisema. "Nimeuondoa unjano wote, mpaka wa machoni."

"Umeanza lini kuuondoa?"

"Juzi hivi. Na kila siku kamera inazidi kukosea, kila siku naliongeza jedwali nguvu."

Mama mtoto aliangalia fulana ya mwanawe. Kushoto ilikuwa nyeupe, safi, kama alivyoifua. Kulia ilikuwa na ubluu, utadhani imelowekwa.

"Pazia limepaka manjano machoni, likairuka fulana?"

"Aa, fulana usijali. Nitairekebisha."

Fulana. Huyo ndiye Daktari wa Rangi, anashughulikia fulana.

Mama mtoto alimbeba mwanawe mpaka dirishani, akavuta pazia lote. Mzazi mwenzangu, ukitaka kumjua mtoto wako, fanya hivyo: mwanga wa mchana, weupe wa macho, fizi, viganja, nyayo. Usiulize simu. Alimfunua jicho taratibu, akamtazama.

Mtoto alikuwa yule wa kushoto, wa manjano.

"Funga pazia, upepo huo," mama mkwe alisema.

"Naenda hospitali, mama. Kama unakuja, vaa viatu."

Hospitali nesi hakupoteza muda. "Manjano haya yameanza lini?"

Mama mtoto akamgeukia shemeji aliyewafuata nyuma na simu yake. "Mpe zile video ambazo hujazichezea."

"Nilizifuta. Zinajaza kompyuta."

Nesi alipekua zilizobaki: mawingu, kiti cha mfalme, ua, na kote mtoto wa asali. Akarudisha simu. "Hizi hazinisaidii kitu. Huyu siye mtoto niliyeletewa."

Walimtoa damu, wakamlaza chini ya taa ya bluu, macho yamefunikwa. Daktari alisema dawa yake ni hiyo taa, na kwamba wangezidi kukaa, manjano yangepanda mpaka kwenye ubongo. Mama mkwe, ambaye naye alivaa viatu akaja, alikaa kwenye benchi.

Shemeji alichungulia mlangoni. "Kaka anauliza. Nimtumie? Ila hii taa inaharibu rangi ya ngozi, nipitishe jedwali kidogo kwanza."

Mama mtoto alimnyang'anya simu, akarekodi mwenyewe, akatuma vilevile. Haikuchukua muda ikaita.

"Mbona mtoto yuko hivyo?" Ilikuwa sauti ya mumewe. "Jana alikuwa anang'aa."

"Jana ulimwona wa mdogo wako," alisema. "Huyu ndiye wako. Panda gari uje."