Siku Ukoo Uliponingoja Niandike

Wewe umewahi kukaa sebuleni peke yako, nyumba imetulia hata maharage yanayochemka jikoni unayasikia, na papo hapo watu wako wa damu wanatukanana mapajani mwako? Mimi nimekaa hivyo. Ilikuwa Jumamosi mchana, hapa Ntinda, nyumbani kwa mwanangu Ojok. Nilikuwa na ungo wa mchele magotini na simu nimeilaza juu ya mchele. Hakuna aliyepaza sauti. Simu ilikuwa inatikisika tu, na kila ikitikisika punje za mchele zinaruka kidogo, na kila mruko ni mtoto wangu, au mkwe wangu, au mtoto wa dada yangu, anamwambia mwenzake kwamba hana akili.

Mimi nilisoma hadi darasa la sita, kule kwetu Busia. Kusoma ninajua, polepole, kwa kidole. Kuandika ninajua pia, lakini kwa kalamu. Simu ile aliniletea binti yangu Atoo, akaipanga izungumze Kiswahili, akaniingiza kwenye kundi la ukoo. Nilipoingia tu nikaona maandishi madogo: Nyongesa ametoka.

Nyongesa ni mume wa Atoo, Mkenya, ana duka Bwaise. Kwao na kwetu ni desturi moja: mkwe wa kiume hali chakula mbele ya mama mkwe, hampi mkono, na wala hagombani na watu mbele yake. Sasa mama mkwe ameingia kundini, yeye afanye nini? Akakimbia. Atoo akamrudisha kwa nguvu. Tangu hapo kila akitaka kumtukana mtu alianza hivi: "Mama, samahani, tazama pembeni kidogo." Na mimi kweli nilikuwa natazama pembeni, dirishani, nahesabia muda wa kutosha, kisha narudi kusoma alichosema.

Aliyetukanwa naye zaidi ni Augustin, mtoto wa marehemu dada yangu, anayekaa Kanada. Mambo yao yalinishangaza mno. Nyongesa kazi yake ni kuwatilia watu nyimbo na filamu kwenye kadi za simu. Mvua ikinyesha Bwaise inafurika, basi kompyuta yake ameiweka juu ya makreti ya soda, na maji yakipita chini yeye anaendelea kutia nyimbo. Augustin akamwandikia:

"Shemeji wewe unauza jasho ya watu. Mwimbo iko na mwenyewe. Huku ungefungwa."

"Mama, tazama pembeni. Wewe Augustin, ngoma za harusi ya dada yako nilikutumia mimi, bure. Ulimlipa mpiga ngoma? Hata salamu ulimpa? Kaa kimya na theluji yako."

Nilicheka hadi nikafuta machozi. Halafu nikakaa nikifikiri: yule mpiga ngoma ninamjua, ni mzee wa Gulu, jino moja la mbele halipo, na hajawahi kupanda hata basi la kwenda Nairobi. Na ngoma yake iko Kanada, inapigwa ndani ya nyumba ya mtu, nje kumeganda barafu. Nani angeniambia haya nikiwa msichana?

Ukaja mwaka wa kodi ya mitandao, bila kuilipa kundi halifunguki. Nyongesa akaweka kitu kwenye simu yangu, akaniagizia kwa Atoo kwamba sasa simu inaamini iko Uholanzi, kodi hainipati. Ojok, mwanangu wa kwanza, mtu wa kufuata sheria kama marehemu baba yake aliyekuwa polisi, akakasirika: "Kodi ni kodi. Mnamfundisha Mama kukwepa." Augustin akajibu kwamba hakuna serikali yenye haki ya kutoza mdomo wa mtu. Atoo akasema maji ya Bwaise nayo yanahitaji kodi ili mtaro uchimbwe. Wakapigana juu ya hilo siku nzima, haki hivi, uhuru vile. Mimi nilikuwa nimekaa barazani nachambua maharage, mguu mmoja nimeuvua kiatu, nikijitazama. Niko Ntinda na niko Uholanzi. Sikutaka kusogea, nisije nikaharibu.

Sasa nikwambie la Ojok.

Ojok ana duka la misumari, rangi na mabati. Mkewe alifariki, na watoto wake wawili wako shule ya bweni, wanakuja likizo. Kwa hiyo nyumba ni yangu na yake. Alhamisi moja nilikwenda Naguru kumsalimu Rosalba, jirani yangu wa zamani kwenye kambi ya polisi tulikolelea watoto. Nilipokuwa huko, wezi waliruka ukuta mchana kweupe. Walimkuta Ojok amerudi kula. Aliwaambia polisi hivi tu: walimlaza koridoni kifudifudi, wakamwekea panga shingoni, wakachukua televisheni, redio, hata pasi. Niliporudi nilimkuta amekwisha kufagia vioo. Nikauliza, "Wamekuumiza?" Akasema, "Hapana, Mama. Ni vitu tu." Akaenda kupima kufuli jipya.

Baada ya siku ile akaanza kukonda. Mkanda akautoboa tundu jipya kwa msumari. Usiku nilimsikia anatembea, anapima mlango, anarudi, anapima tena. Nikimuuliza anasema hesabu za duka zinamsumbua. Mimi si mtu wa kusukuma. Nikangoja.

Jumamosi hiyo ya mchele, akaandika kwenye kundi. Alikuwa chumbani kwake, mwisho wa korido, mlango umefungwa, mimi sebuleni. Angeweza kuniita. Akaandika:

"Wapendwa, Jumatatu napeleka karatasi kwa mwenyekiti wa LC wa mtaa, halafu polisi. Naomba kibali cha bastola. Ni halali. Nawajulisha tu."

Bastola. Nilisoma neno lile kwa kidole, herufi kwa herufi, labda nimekosea. Sikukosea. Ingelala ndani ya nyumba ninamolala, na likizo watoto wanarudi.

Simu ikaanza kuruka.

Atoo: "Kaka, Jumatatu ipi hiyo? Watoto wako wako na mikono, wataishika!"

Augustin: "Wacheni yeye. Mtu iko na haki kulinda nyumba yake. Ni uhuru."

Atoo: "Uhuru wa nani? Wewe uko mbali, risasi haifiki huko."

Nyongesa: "Mama, pembeni tafadhali. Shemeji, bunduki ya nini? Mimi nakuwekea kamera nne, unaona kila kitu kwa simu, hata ukiwa choo."

Atoo: "Hiyo kamera itamwona nani? Mama akitoka kuoga na kanga yake? Na picha itakaa kwa nani, kwako wewe mkwe?"

Nyongesa: "Mungu wangu. Nimefuta wazo."

Ojok: "Katiba inaruhusu mali ya mtu kulindwa. Sheria ya silaha iko, fomu ziko. Sivunji kitu."

Wakaendelea. Wengine wakaingia: wapwa walioko Juba, shemeji wa Gulu, Obura anayeendesha lori la mizigo na hajulikani kamwe yuko barabara gani. Haki, sheria, polisi wachelewao, walinzi wa makampuni wanaosinzia na bunduki mabegani, nchi hii na nchi ile. Ojok alijibu kila mtu. Hajawahi kuandika mengi hivyo maishani mwake. Katika yote yale hakutaja hata mara moja ile Alhamisi.

Kisha akaandika: "Baba alikuwa na bunduki ndani ya nyumba miaka yote ile Naguru. Kuna aliyeumia?"

Hapo nikauweka ungo chini.

Nikagusa mahali pa kuandikia. Sikuwahi kupagusa kabla. Herufi zikajitokeza kutoka chini, zote pamoja, kama watoto wa shule wanaoitwa. Nikaitafuta B. Nikaipata. Nikaitafuta A.

Simu ikaacha kutikisika.

Nilidhani bando limekwisha. Nikatazama juu, nikaona ujumbe mmoja wa mwisho, wa Nyongesa: "Nyamazeni wote. Mama anaandika."

Na baada ya hapo hakuna. Hakuna kabisa. Kule nyumbani kwa marehemu mume wangu, mama mtu mzima akisimama kusema kwenye mkutano wa ukoo, hata mwenye kikohozi anatoka nje. Nilijua hivyo. Lakini pale watu wananiona, wanaona gauni langu, wanaona ninavyosafisha koo. Hapa waliona neno moja tu, anaandika, linawaka na kuzimika, na wakatulia. Baadaye walinisimulia. Obura aliegesha lori kando ya barabara, akazima injini. Nyongesa aliwaambia wateja wangoje, na mmoja alipouliza wangoje nini akajibiwa, "Mama mkwe wangu anasema." Augustin kwake ilikuwa asubuhi mapema, anakwenda kazini, alisimama kwenye kituo cha basi, basi likaja, likaondoka, yeye amesimama na simu kwenye baridi ile. Sikuyajua hayo wakati ule, lakini niliyahisi. Ule unyamavu ulikuwa na uzito. Ni kama kuingia kanisa kubwa ukiwa peke yako, ukasikia hatua zako mwenyewe zinakurudia.

Nikaandika polepole. Nikaandika kwamba ndiyo, baba yenu alikuwa na bunduki, na hapana, hakuumia mtu. Chumba kilikuwa kimoja, watu saba, na bunduki ilisimama kwenye kona, nyuma ya pazia la maua ya buluu, karibu na gunia la mtama. Ilinuka mafuta. Tulikuwa tunabanana hata watoto walilala kichwa huku miguu kule, lakini kona ile haikulaliwa. Nilifagia kuizunguka. Nguo zikianikwa ndani siku ya mvua, hazikuelekea kule. Nikaandika jinsi Ojok mwenyewe, akiwa mdogo, alivyokula ameipa mgongo ile kona, na mpira wake wa majani ya ndizi ulipoviringika chini ya pazia hakuufuata, aliutengeneza mwingine. Nikaandika kwamba bunduki ni mgeni asiyekula, asiyecheka, na nyumba nzima inatembea kwa kunyata kwa ajili yake. Nilitaka nimalizie kwa kusema: simtaki tena mgeni yule.

Niliandika hadi maharage yakakauka maji. Nikaenda nikaongeza, nikarudi. Wote bado wamenyamaza. Na nilipotaka kuifuta herufi moja niliyoikosea, sijui kidole kiligusa nini. Kila kitu kikatoweka. Pazia, gunia, mpira, yote. Pakabaki peupe.

Nilikaa nikitazama ule weupe. Hata kulia sikuweza, maana bado walikuwa wanangoja, na hakuna hata mmoja aliyesema, "Mama, vipi?" Wote wale, kila mmoja mahali pake duniani, jua kwa huyu, giza kwa yule, wanangoja kikongwe wa darasa la sita.

Nguvu za kuandika upya sikuwa nazo. Nikajiuliza, katika maneno yote yale ni lipi hasa nililokuwa nalitafuta? Nikatazama tena aliyoandika Ojok, katiba, fomu, sheria, baba. Nikaona kitu kilichokosekana. Nikaandika mstari mmoja, nikautuma:

"Ojok mwanangu, unaogopa?"

Basi. Alama mbili zikatokea pembeni, zikageuka buluu. Hakuna aliyejibu, si Augustin wa haki, si Atoo, si Nyongesa. Swali lilikuwa la mtu mmoja na wote walijua. Ukoo wa polisi na wanajeshi ule! Neno hilo wanaume wetu hawalitamki hata wakiwa na homa. Nami nimeliweka pale, mbele ya kila mtu, wazi kama nguo kwenye kamba.

Ikaandikwa: Ojok anaandika. Ikazimika. Ikaandikwa tena. Ikazimika.

Kisha nikasikia mlango wa chumbani unafunguliwa.

Alikuja kwa hatua za mtu anayevuka maji asiyojua kina chake. Ni mtu mkubwa, Ojok, mabega ya baba yake, mvi zimeanza masikioni. Simu ilikuwa mkononi, ikiwaka bado. Hakukaa kwenye kiti. Alikaa chini, kwenye mkeka, pembeni ya ungo, akachota mchele kidogo kwa vidole na kuuacha udondoke.

"Mama."

"Ndiyo, baba."

"Kwa nini umeniuliza mbele ya watu wote?"

"Hujaniambia mbele ya watu wote kwamba unaleta bastola?"

Akacheka kwa pua, mara moja, kisha uso ukamharibika.

"Wataniona mimi mwanamke."

"Mimi ni mwanamke. Kwani nina ubaya gani?"

Mkono wangu niliuweka kichwani pake, mahali ambapo sikuwa nimepagusa tangu alipoanza kunyoa ndevu, na nikashangaa, maana nywele zilikuwa zile zile, ngumu, zenye mzunguko wake pale utosini. Jikoni maharage yalikuwa yanachemka. Simu zetu zote mbili zilikuwa kimya, ukoo mzima ndani yake, na hakuna aliyetikisa hata punje.

Akaigeuza simu yake kifudifudi juu ya mkeka.

"Naogopa, Mama," akasema. "Naiogopa nyumba yangu. Hiyo bastola hata kuishika siwezi, tazama mikono yangu. Sikutaka bastola. Nataka nikueleze walichonifanya siku ile, chote, na wewe usiseme kitu hadi nimalize."