Mashine Moja Iliyoendelea Kulia

Kifungo kilidondoka sakafuni, kikabingirika gizani mpaka kikagota mahali, kikanyamaza.

"Msisogee," wifi alisema. "Atakayekikanyaga atakishona yeye."

Umeme ulikuwa umekatika jioni ile kabla mtu hajakumbuka kutafuta mshumaa. Chumbani walikuwa watatu: mama mtu, binti yake wa miaka mitano, na wifi, dada wa mumewe, aliyekuwa akimalizia vifungo vya gauni la mtoto kwa kupapasa. Baba wa mtoto, dereva wa lori, alikuwa safarini kama kawaida yake.

"Kiherehere, hebu ingia chini ya kitanda, mama. Wewe una macho ya paka."

Mtoto, aliyebandikwa jina hilo na shangazi yake kwa sababu ya mdomo usiojua likizo, alitambaa huku akiendelea kusema. "Nimekipata! Shangazi, eti leo mama atasoma hadithi yake mbele ya watu wote?"

"Wote. Na sisi tutakaa mbele kabisa, tupige makofi mpaka viganja viwake moto."

Mama alilishukuru giza, maana uso wake ulikuwa umeshawaka.

"Wifi, ungebaki tu upumzike," alisema. "Mambo yenyewe ya darasani, utasinzia bure."

"Nibaki? Jioni zote hizi nimekulelea mtoto uende ukasome, leo siku ya mavuno unaniambia nibaki! Wewe una lako jambo."

Alikuwa nalo, tena lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Wawili hao walikuwa wameshona pamoja katika kiwanda cha sare za shule. Wifi ndiye aliyemwingiza, akamfundisha kugeuza kola bila kuikunja ncha. Msimamizi wao walimwita Mzee wa Funguo, kwa vile kila asubuhi aliufunga mlango kwa nje na kuufungua jioni, eti vitambaa vinaibwa. Siku moja ya joto kali msichana wa pasi alianguka akazirai, na ilibidi wagonge mlango mpaka mikono ikavimba ndipo ukafunguliwa. Kesho yake ukafungwa tena.

Wifi alizima mashine yake, akasimama. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mlango ukifunguliwa, nami nitaiwasha."

Wakazima mmoja baada ya mwingine. Chumba kikapoa kimya kimya, mpaka ikasikika mashine moja tu. Ilikuwa ya mke wa kaka yake. Alikuwa ameinamia kola, hakuinua kichwa.

Mzee wa Funguo akachungulia dirishani, akamnyooshea kidole kwa furaha. "Mnaona? Kumbe mwenye akili yuko mmoja!" Basi waliokuwa wakisitasita wakarudisha macho kwenye vitambaa, swichi zikaanza kulia tena, na kabla ya mapumziko wifi alikuwa ameshafukuzwa, yuko nje ya geti na mkasi wake na kanga yake. Tangu siku hiyo alikuwa anashonea majirani nyumbani, analea mtoto wa mtu ambaye bado alikuwa akienda kiwandani. Na mlango bado ulikuwa unafungwa.

Jambo hilo hawakuwahi kulizungumza. Walizungumza bei ya sabuni, walicheka, waligombania ndoo. Hilo walilizunguka kama watu wanavyozunguka shimo la njiani walilolizoea.

Kisha mwalimu wa masomo ya jioni akawaambia kila mmoja aandike kisa cha kweli cha maisha yake. Mama aliandika juu ya joto, juu ya msichana wa pasi, juu ya funguo zilizokuwa zikilia kiunoni mwa mzee. Alipofika penye ile mashine moja, mkono uligoma. Akakaa. Mwishowe kalamu ikaandika: *Nilizima mashine, nikasimama.* Baada ya hapo maneno yalitiririka kama maji yaliyofunguliwa bomba. Katika kisa chake wote walisimama na hakuna aliyerudi nyuma, na mlango ukafunguliwa.

"Ni wewe huyu kweli?" mwalimu alimuuliza, macho yamelowa.

"Ndiyo, mwalimu."

Sasa alikuwa amesimama mbele ya darasa la watoto wadogo, lililojaa watu wazima waliojibana kwenye madawati mafupi, magoti yakiwafika kifuani. Taa za betri ziliwekwa juu ya meza. Mstari wa mbele, Kiherehere alikaa mapajani mwa shangazi yake, gauni jipya limefungwa mpaka shingoni.

Bado ningeweza kusema naumwa, aliwaza. Lakini alisoma. Sauti ilitetemeka, watu wakadhani ni uchungu wa kisa. Alipofika kwenye "Mlango ukifunguliwa, nami nitaiwasha," hakuthubutu kutazama mbele. Alipomaliza, makofi yalivuma, na ya wifi ndiyo yaliyosikika kuliko yote. Afadhali angetupiwa kiatu.

Njiani Kiherehere alitangulia akirukaruka. Wanawake wawili walifuata nyuma.

"Umeandika vizuri, wifi," wifi alisema. "Ila mle ndani hukunipa hata kazi ya kufagia!"

Mama alijaribu kucheka, kikatoka kitu kama kikohozi.

"Na yale maneno ya mlango umeyaweka vilevile, hukupunguza hata moja. Siku zote nilidhani hukunisikia. Mashine yako ilikuwa inalia."

Alilisema bila ukali, kama mtu anayeuliza kama mvua itanyesha. Mama alitamani ardhi ipasuke immeze na viatu vyake. Wahenga walishasema nguo ya kuazima haisitiri matako. Yeye aliivaa mbele ya mwenyewe, akapigiwa na makofi.

Walipofika dukani kununua mshumaa, walimkuta Kiherehere amekwishafungua mkutano.

"Mama yangu alizima mashine!" alikuwa akimwambia muuza duka. "Akasimama! Akamwambia Mzee wa Funguo, mlango ukifunguliwa, nami nitaiwasha!"

"Loo! Kumbe tunaishi na simba, sisi tunamwita jirani!" muuza duka alisema. "Hongera sana, mama Kiherehere."

Wifi alichukua kiberiti juu ya kaunta, akawa anakigeuzageuza kana kwamba anatafuta maandishi. Ndipo mama alipoona kuwa kesho mtoto atayasema haya bombani, keshokutwa shuleni, na kila mara wifi atasimama pembeni akigeuza kiberiti.

Akachuchumaa mbele ya mwanawe.

"Mwanangu, nisikilize. Si mimi. Aliyesimama ni shangazi yako. Nimeandika uongo."

"Wifi, inuka bwana, watu wanaangalia."

"Waangalie. Wenzetu wote walizima, mimi nikaendelea. Na wala sikuwa nashona kitu. Uzi wa bobini, ule wa chini, ulikuwa umekwisha, sindano ilikuwa inatoboa kitambaa kitupu. Nilijua. Niliogopa kuinyamazisha, nikaendelea kutoboa. Kesho nitamwambia mwalimu."

Wifi aliweka kiberiti chini. "Uzi ulikuwa umekwisha?"

"Zamani."

"Na yule mzee akakusifia kwa matobo!" Kicheko kilimtoka, kikakatika katikati. Akageuza uso upande wa makopo ya peremende, akayatazama kwa muda mrefu, mabega yakipanda na kushuka. Mama hakujua kama amesamehewa, wala hakuthubutu kuuliza. Alibaki amechuchumaa palepale, mikono mitupu.

Muuza duka alijitia kufuta mizani.

Kiherehere alimtazama mama yake, akamtazama shangazi yake. Kisha akamgeukia muuza duka na kumwambia kwa sauti ileile kubwa:

"Shangazi ndiye aliyezima mashine, mama alikuwa anashona."